Kabla ya mkopo wa nyumba, deni kubwa si lazima litangulie

Huku Kampala watu wengi huambiwa: ukitaka mkopo wa nyumba, anza kupunguza deni kubwa kuliko yote. Ushauri huu umewachelewesha watu waaminifu, na ni vyema tuusahihishe.

Benki haitazami jumla ya madeni peke yake. Hutazama zaidi marejesho yako ya kila mwezi yanakula kiasi gani cha mshahara. Tuseme una mkopo wa mshahara, umebaki shilingi milioni 12, unakatwa 300,000 kwa mwezi. Una pia friji ya mkopo, limebaki deni la 900,000, nalo unalipa 180,000 kwa mwezi. Mkononi una 900,000. Ukizipeleka kwenye deni kubwa, kwa kawaida utaendelea kukatwa zile zile 300,000 hadi benki ikubali kukupangia upya. Ukimaliza la friji, 180,000 zinarudi kwako kila mwezi. Kwa riba ya asilimia 16 na miaka 20, kiasi hicho kinabeba karibu milioni 13 za mkopo wa nyumba. Si kidogo hata kidogo!

Lakini deni lililochelewa hutangulia yote, hata kama ni mkopo mdogo wa simu ulioachwa ukasahaulika. Tangu 2008 Uganda ina mfumo wa taarifa za mikopo, na benki itaiona rekodi hiyo. Mikopo ya SACCO uliyowadhamini jamaa nayo itaje mapema.

Wala usimalize akiba yote kulipa madeni: malipo ya awali ya nyumba yatakudai fedha taslimu.