Supu ya samaki haitoshi mtoto, na mzee pia

Mimi ni nutrisioniste, mtu wa mambo ya lishe, hapa Bukavu, na kuna neno nasikia karibu kila siku ya kupima watoto: «Dokta, huyu anakula samaki.» Ukimuuliza mama anakula namna gani, anasema namupatia bugali na supu. Sasa samaki yenyewe iko wapi? Iko kwa sahani ya baba. Wamama wangu, supu ni tamu lakini protini nyingi zinabaki ndani ya nyama ya samaki, na bugali haiwezi kuziba ile pengo ju gramu 100 za unga wa mihogo zina protini kama gramu 1 ao 2 tu, wakati sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, zinapita 50.

Njo vile bwaki, ugonjwa wa kukosa chakula bora (kwashiorkor), inaingia polepole. Miguu inavimba, jirani anasema mtoto amenenepa, kumbe ni maji. Bonyeza na kidole gumba juu ya miguu yote mbili, hesabu mpaka 3, uachilie: kama shimo linabaki, usingoje kesho, mupeleke kituo cha afya.

Miezi 6 ya kwanza ni titi peke yake, hata maji hapana. Kisha anza kumulisha huku unaendelea kunyonyesha mpaka miaka 2 ao kupita. Chukua sambaza kavu za soko la Kadutu, toa vichwa, chagua mchanga vizuri, kausha kwenye sufuria bila mafuta, twanga, chekecha, weka kijiko cha ule unga ndani ya uji. Mifupa inasagika pamoja, calcium iko humo, na mama mwenye mimba anaihitaji pia, yeye akule na lengalenga (mchicha) iliyokamuliwa ndimu ju ya chuma, chai angoje kwanza ju inazuia damu kupata ile chuma.

Baba wenye tansio (presha ya damu), shida yenu mi naiona kwa makayabu, samaki wa chumvi, na kube za kuunga mboga, ile chumvi ya siku nzima isifike gramu 5.

Na wazee! Hapa naumia kabisa. Meno yameisha, basi tunawapikia uji wa mihogo mtupu asubuhi na jioni, wakati mwili wa mzee unapoteza misuli na protini anaihitaji kuliko zamani. Ule unga wa sambaza wa mtoto, mwekee na yeye, pamoja na maharagi yaliyopondwa. Unga huo uhifadhi kwa kopo kavu lenye kifuniko, ukinusa ukungu tupa wote, usichague.