Lichfield, kabaila aliyempiga picha khalati yake

Tarehe 29 Julai 1981, Prince Charles alipomwoa Lady Diana Spencer, wapiga picha walijazana nje ya kanisa kuu la St Paul's mpaka juu ya mapaa. Picha rasmi za ndani ya kasri la Buckingham zilikabidhiwa Patrick Lichfield. Vijana wa kamera huniuliza alitumia vifaa gani. Mimi huwaambia waanze na nasaba yake kwanza, vifaa baadaye.

Jina lake la kuzaliwa ni Thomas Patrick John Anson. Alizaliwa tarehe 25 Aprili 1939. Mama yake, Anne Bowes-Lyon, alikuwa binti wa kaka yake Queen Mother, yaani mama wa Malkia Elizabeth II, kwa hiyo Malkia na Anne ni watoto wa ndugu wawili. Kwa hesabu za kwetu Pwani, Malkia ni khalati yake. Na kwa upande wa baba alikuwa Earl wa tano wa Lichfield, ukabaila wa kurithi, wenye jumba, mashamba na kiti katika Bunge la Malodi.

Mimi napiga picha za harusi hapa Mombasa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni usiku wa kupamba. Ukumbini ni wanawake peke yao, mabuibui yamevuliwa, dhahabu imetolewa sandukuni, simu zimekusanywa mlangoni. Mwanamume haingii hata awe bingwa wa dunia. Wapo wapiga picha wa kike wazuri kunishinda, lakini mama wa bibi harusi ananiita mimi kwa kuwa anajua mimi ni binti wa nani, na anajua picha zile hazitazagaa. Ndiyo maana maisha ya Lichfield yananivutia. Nikiyasoma naona jambo ambalo mafunzo ya kamera hayafundishi: kwa watu wakubwa, mpiga picha huchaguliwa kwanza kwa kuaminika, na uaminifu huo una bei yake.

Lakini msidhani alizaliwa akakuta mezani kila kitu. Baba yake alifariki mwaka 1958, babu yake mwaka 1960, naye akawa Earl akiwa na miaka 21. Pamoja na cheo ikaja kodi ya mirathi. Uingereza ya wakati ule ilitoza mirathi mikubwa kwa ukali, na koo nyingi za kikabaila ziliuza mashamba au kubomoa majumba yao. Jumba la Lichfield, Shugborough, liko Staffordshire. Mwaka 1966 lilikabidhiwa shirika la National Trust kwa ajili ya kodi hiyo, na yeye akabaki na sehemu ya kuishi ndani ya nyumba ya babu zake huku watalii wakipita vyumba vingine kwa tikiti. Kwa hiyo ukisikia Earl anahangaika na matangazo na kalenda, usicheke. Alihitaji kazi kama mimi na wewe.

Alisoma shule ya Harrow, akaenda chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akaingia kikosi cha Grenadier Guards. Mwaka 1962 akaacha jeshi na kuwa msaidizi wa mpiga picha. Waliopita njia hiyo enzi za filamu wanaijua: kubeba taa, kuchanganya dawa, kukausha karatasi, kushinda chumba cha giza mpaka vidole vinuke. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba kwao kazi hiyo ilihesabiwa juu kidogo tu ya ususi. Makabaila walizoea kumwita mpiga picha, kumlipa na kumpitisha mlango wa nyuma. Sasa mtoto wao ndiye anayebeba begi.

Soko lenyewe lilikuwaje? Kila mwaka wari wa koo kubwa walikuwa wakipelekwa kasri kupiga goti mbele ya Malkia, dalili kwamba sasa wako tayari kuposwa. Desturi hiyo ilikomeshwa mwaka 1958, lakini dansi, karamu na mbio za farasi za msimu wa London ziliendelea. Msichana akichumbiwa, picha yake ya lulu shingoni ilitoka katika ukurasa wa mbele wa ndani wa jarida la Country Life. Majarida ya Tatler na Queen nayo yalijaza kurasa kwa nani alicheza na nani. Picha moja nzuri ya binti mmoja ilileta shangazi watatu wenye mabinti. Biashara ya mdomo kwa mdomo, kama ilivyo harusi mpaka leo.

Waliomtangulia walikuwa wa namna mbili. Cecil Beaton alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa mbao aliyejipenyeza kwa kipaji na ulimi. Aliwapa wakubwa ndoto: kwa picha ya kutawazwa Malkia mwaka 1953 alimkalisha ndani ya kasri, nyuma yake akatundika pazia lililochorwa kanisa la Westminster. Mtu wa nje akiingia ndani hupamba. Anajua kwamba akiacha kupendeza hataitwa tena.

Wa pili ni Antony Armstrong-Jones, aliyejifunza kazi kwa mpiga picha maarufu wa London aliyejulikana kwa jina la Baron. Yeye kamera ilimfikisha kwenye cheo. Alimwoa Princess Margaret, mdogo wake Malkia, mwaka 1960, mwaka uliofuata akapewa cheo cha Earl wa Snowdon, na papo hapo kazi yake ya zamani ikawa aibu kwa kasri. Shemeji ya Malkia atawapangaje wateja dukani? Akageukia jarida la Sunday Times, akaenda kupiga picha za wazee wapweke na wagonjwa wa akili. Kwa maoni yangu hizo ndizo picha zake bora, na hakuzipata kwa undugu na yeyote.

Lichfield ni kinyume chao wote wawili. Cheo alikuwa nacho kabla ya kamera, hivyo hakuwa na haja ya kumpendeza mtu wala hofu ya kushushwa. Hata jina alilotia chini ya picha lilimsaidia. Aliacha neno “Lord” akajiita Patrick Lichfield tu, kama fundi wa kawaida, lakini Lichfield si jina la ukoo wake. Ukoo ni Anson. Lichfield ndicho cheo chenyewe. Ujanja huo naupenda.

Mlango mkubwa ulifunguka alipompiga picha Duke wa Windsor na mkewe huko Ufaransa. Huyu ndiye mfalme aliyeacha kiti mwaka 1936 kwa ajili ya mwanamke, ami yake Malkia, mtu ambaye familia ilimkalia mbali. Picha zile zilimpendeza Diana Vreeland, mhariri wa jarida la mitindo la Vogue la Marekani, na Lichfield akapata mkataba. Miaka michache baadaye yuko Saint-Tropez, Mei 1971, kwenye harusi ya Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, na Bianca. Alipiga picha, lakini pia ndiye aliyemshika mkono Bianca na kumpeleka mbele ya padri. Hebu fikirini, mpiga picha ndiye walii! Mimi nimeombwa mengi ukumbini, kushika mtoto, kutafuta pini, kutuliza mama mkwe, lakini hilo bado.

Tukirudi kwa khalati yake. Kwa miaka 25 ya ndoa ya Malkia, mwaka 1972, Lichfield alitengeneza picha za familia ile akiwa nao katika kasri la Windsor wakati wa Krismasi ya 1971 na kule Balmoral, Uskoti, wakiwa na mbwa na watoto. Miaka hiyohiyo alisafiri nao katika meli ya kifalme Britannia. Mabaharia wana desturi yao: anayevuka Ikweta kwa mara ya kwanza hurushwa majini. (Sisi tunaovuka Ikweta kwa basi pale Nanyuki hakuna anayetugusa, isipokuwa wauza vinyago.) Lichfield naye akatumbukizwa kwenye bwawa la sitaha, ila aliingia na kamera isiyopenya maji. Malkia ameegemea kizuizi cha meli, anacheka kwa mdomo wote. Tazameni pembe ya picha ile, inatoka chini kwenda juu. Kwa kawaida pembe hiyo humfanya mtu mkubwa aonekane mkubwa zaidi, lakini hapa imemfanya khalati anayemcheka mtoto wa nyumbani aliyeloa. Picha ya namna hiyo haiwekewi miadi.

Sasa ile siku ya 1981. Niwaeleze ugumu wake kwa macho ya kazi. Una chumba cha enzi, una ratiba inayosubiri watu watoke roshani kupungia umati, una gauni lenye mkia wa takriban mita 7.6, hariri ya taffeta iliyokwisha kukunjamana ndani ya gari la farasi, na hakuna muda wa kupiga pasi. Mbele yako wamesimama wafalme na malkia wa Ulaya, wote wamezoea kuamrisha, hakuna aliyezoea kuamrishwa, na kila mmoja anajua vizuri ni nani asimame mbele ya nani. Juu ya hayo una watoto wadogo wamechoka.

Katika picha ya pamoja kazi ya lenzi ni ndogo. Safu za nyuma lazima zipande juu ya kitu, ngazi au viti. Kila uso lazima uione lenzi kwa macho mawili, maana usipoiona lenzi nayo haikuoni. Watoto huingizwa mwisho na kutolewa mwanzo. Mwanga uwe mpana wa kufikia pembeni, usije ukamwacha mjomba gizani. Baada ya hapo inabaki sauti yako, na hapo ndipo wengi hushindwa, kwani kupaza sauti kwa watu wakubwa ni utovu wa adabu na kunong’ona hakumfikii mtu.

Lichfield alitumia filimbi. Filimbi ya refa! Nimeifikiria sana hiyo filimbi. Haimwiti mtu kwa jina wala kwa cheo, kwa hiyo haikosei protokali. Mfalme wa nchi fulani na mtoto wa miaka mitano wanaisikia sawasawa na wanageuka kwa pamoja. Wakati huohuo inachekesha kidogo, na mtu aliyetaka kukunja uso hujikuta amelegea. Ila jaribuni wenyewe kumpulizia filimbi mfalme kama hamna undugu naye. Ingekuwa mimi, ningekuwa getini kabla ya kelele kuisha.

Akapiga picha za utaratibu, zote safi, zote zimetulia. Kisha ikaja ile ninayowaonyesha wasaidizi wangu. Kazi rasmi imekwisha, Diana amejibwaga chini, gauni limemwagika pande zote, wasimamizi wadogo wamemzunguka, wanacheka kwa uchovu. Yeyote aliyewahi kuvaa nguo nzito kutwa nzima anaijua pumzi ile. Picha rasmi zilitakiwa na kasri, hii ilipatikana kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kujikaza mbele ya jamaa yao.

Nilisema uaminifu una bei. Lichfield alikuwa ndani ya nyumba zile kwa miaka mingi, na kazi yake haina hata picha moja inayomuumiza mwenye nyumba. Ndoa zilivunjika, ya kwake mwenyewe ikiwemo, na ile ya Charles na Diana dunia nzima iliifuata, lakini kamera yake haikuona kitu. Wahakiki wengine humdharau kwa hilo, wakisema alikuwa mwepesi mno, mtu wa tabasamu na mwanga mzuri. Mimi nasema wana haki nusu. Ukimlinganisha na Snowdon hospitalini, Lichfield anaonekana mpole kupita kiasi. Lakini aliyekaribishwa kama jamaa akatoka na siri hajapiga picha nzuri zaidi, amebadilisha kazi tu.

Zanzibar ilikuwa na njia nyingine kabisa. Picha za kasri la Sultani zilipigwa na mafundi wa mjini: duka la Gomes, kisha Ranchhod Oza aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930. Hawakuwa jamaa wa Busaidi, ukoo wa Sultani. Asubuhi kasri, mchana pasipoti za watu wa Ng’ambo. Katika picha zao watu wa kasri wamekaa wima, wakimtazama fundi.

Pesa zake Lichfield alizitafuta kwingine: kalenda za wasichana za Unipart, kampuni ya vipuri vya magari, na matangazo ya Burberry. Watu wa tabaka lake walizikunjia pua kalenda zile, na mimi pia sizipendi sana. Uzeeni alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuhamia kamera za dijitali, jambo ambalo rika lake wengi walilikataa, na mwaka 2002 alimpiga Malkia picha za miaka 50 ya utawala. Alifariki tarehe 11 Novemba 2005.

Mkitaka kujifunza kwake, tafuteni picha mbili za 1981, ile ya pamoja na ile ya Diana chini, muziweke sambamba. Msitazame nyuso. Tazameni mikono: katika ya kwanza kila mkono umepewa pa kukaa, katika ya pili hakuna anayejua wake uko wapi.