Imla, dhuluma na mabavu: maneno ya utawala wa mtu mmoja

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kutafsiri maandiko ya historia na siasa, na neno lililonisumbua kuliko mengine ni lile linalodhaniwa kuwa rahisi: dikteta. Nikipitia rasimu za watafsiri wanaoanza, nakuta mkuu wa mji wa Ugiriki ya kale ni dikteta, Tsar wa Urusi ni dikteta, na jenerali aliyepindua serikali jana naye ni dikteta. Msomaji anaelewa kwamba wote walitawala peke yao, ila anakosa kile hasa ambacho mwandishi alikuwa akikisema, kwa sababu kila neno katika ukoo huu lina swali lake. Moja linauliza mtawala aliingiaje madarakani, jingine linauliza ni sheria gani inayomfunga, na jingine linauliza anawatendea nini watu walio chini yake.

Nianze na imla, maana hapo Kiswahili kina utajiri ambao hatuutumii ipasavyo. Neno tumelipata kutoka Kiarabu, na wengi wetu tulikutana nalo darasani kabla ya kulisikia katika siasa. Mwalimu anasoma sentensi, anatua, anairudia, na wanafunzi wanaandika. Tazama kinachotendeka pale: hakuna anayeuliza kwa nini imechaguliwa sentensi hii na si ile, mwenye neno bora zaidi haruhusiwi kuliandika, na kosa ni la aina moja tu, yaani kuandika kitu tofauti na kilichotamkwa. Sauti ni moja, kalamu ni nyingi. Tunaposema utawala wa imla tunasema jambo hilohilo, kwamba nchi nzima inaandika kile ambacho mtu mmoja anakitamka. Na dikteta nalo, ukilifuatilia hadi Kilatini, linatoka katika kitenzi dictare, ambacho maana yake ni kusema na kurudia, au kumsomea mtu ili aandike. Lugha mbili zisizo na nasaba moja zimetuletea maneno mawili, na yote mawili yamebeba picha ya somo lilelile.

Hata hivyo, katika Roma ya jamhuri dikteta halikuwa tusi. Lilikuwa jina la cheo halali. Hatari ilipokuwa kubwa, konsuli, yaani mmoja wa wakuu wawili wa serikali, kwa ushauri wa Seneti, baraza la wazee, alimteua mtu mmoja apewe mamlaka ambayo kwa kawaida yaligawanywa kati ya makonsuli wawili, na muda wake haukuzidi miezi 6. Wanahistoria wa Kirumi walimsifu Cincinnatus, ambaye kwa mapokeo yao aliitwa mwaka 458 KK akiwa shambani kwake, akalishinda jeshi la adui, kisha akakirudisha cheo siku ya 16. Kwa hiyo kilichomfanya mtu awe dikteta kilikuwa kazi maalumu na ukomo wa muda, na ukomo huo ndio uliovunjwa. Jenerali Sulla alikichukua cheo mwaka 82 KK bila kuwekewa mwisho. Mwanzoni mwa mwaka 44 KK Julius Caesar akafanywa dikteta wa maisha, na tarehe 15 Machi mwaka huohuo akauawa. Baada ya hapo Marcus Antonius, mshirika wa Caesar, alipitisha sheria ya kukifuta cheo chenyewe. Augustus, mrithi wa Caesar, alipoombwa na umma akipokee, mwaka 22 KK, alikataa, akaridhika na neno princeps, yaani wa kwanza, huku madaraka karibu yote yakiwa mikononi mwake.

Mfano wa Augustus ni muhimu sana kwa mtafsiri, kwa sababu unaonyesha kwamba jina na jambo vinaweza kuachana. Katika karne ya 19 neno lilikuwa bado halijachafuka: José Gaspar Rodríguez de Francia alitangazwa rasmi kuwa dikteta wa kudumu wa Paraguay mwaka 1816, na Garibaldi, mpigania umoja wa Italia, alijitangaza dikteta wa Sicily mwaka 1860, wala hakuona aibu. Katika karne ya 20 mambo yaligeuka. Mussolini aliitwa Duce, Hitler akaitwa Führer, na yote mawili kwa Kiswahili ni kiongozi tu. Ninapoyatafsiri huyaacha kama yalivyo, maana nikiandika kiongozi nakuwa nimewasaidia kujisafisha, na nikiandika dikteta nakuwa nimeficha kwamba walilikwepa neno hilo kwa makusudi.

Neno la Kigiriki tyrannos ni gumu zaidi. Mwanzoni lilimtaja mtu aliyeshika utawala bila kuurithi na bila idhini ya desturi, awe mwema au mbaya. Peisistratos wa Athens, katika karne ya 6 KK, alikuwa mmoja wao, na mwanafalsafa Aristotle mwenyewe ameandika kwamba alitawala kwa upole. Ni Aristotle huyohuyo anayetuambia kwingine kwamba utawala wa namna hiyo ni ufalme ulioharibika, kwa kuwa unatazama faida ya mtawala peke yake. Wengi huandika dhalimu katika sehemu zote mbili, nami siwezi kukubaliana nao. Dhalimu ni neno la tendo: kudhulumu ni kumnyima mtu haki yake, na mdhulumu anaweza kuwa hata ndugu aliyekula mali ya yatima, asiye na cheo chochote. Halisemi lolote kuhusu njia ya kuingia madarakani. Ndiyo maana Peisistratos nimemwita mnyakuzi wa utawala, na dhalimu nikaliweka katika hoja ya Aristotle juu ya ufalme ulioharibika.

Mabavu nayo yana mahali pake. Ni mbavu za mwilini, yaani nguvu za mwenye kifua kipana, kwa hiyo utawala wa mabavu hutaja nyenzo na si idadi ya watawala. Hata kamati ya watu 20 inaweza kutawala kwa mabavu. Ufirauni sikushauri kuutumia kabisa katika maandiko ya siasa, kwa sababu katika vinywa vya watu umekwisha kuwa uovu wa tabia. Na despotes wa Kigiriki, ambaye ni bwana wa nyumba mbele ya watumwa wake, anafasiriwa vizuri na neno bwana, mradi watumwa nao watajwe, wasiachwe nje ya sentensi.

Nilijifunza uzito wa tofauti hizi katika kifungu kimoja cha Sheria za Msingi za Urusi. Zamani mamlaka ya Tsar yalielezwa kwa sifa mbili: kwamba ni ya mtawala-pekee, na kwamba hayana mipaka. Baada ya mapinduzi ya 1905 iliundwa Duma, yaani bunge, na sheria mpya ikahitaji idhini yake, hivyo katika toleo la 1906 sifa ya pili ikaondolewa na ya kwanza ikabaki. Neno la Kirusi lililobaki, samoderzhavie, lina maana ya kujishikia mwenyewe, na zamani lilisisitiza kwamba mtawala hayuko chini ya mfalme mwingine yeyote. Wafuasi wa Tsar walidai kwamba neno hilo peke yake linatosha kumwachia kila kitu, na wapinzani wao wakadai kwamba kuondolewa kwa lile jingine kumekwisha kumfunga. Rasimu niliyoletewa niipitie ilikuwa imeandika udikteta katika matoleo yote mawili, na ugomvi mzima ukawa umetoweka kwenye ukurasa.