Je, Wajua? Seneta Aliyeshinda kwa Kishindo kwa Dola 145

Mwaka 1982, William Proxmire wa jimbo la Wisconsin, Marekani, alikuwa na miaka 25 kwenye kiti cha useneta. Akagombea tena, na kampeni nzima ikamgharimu dola 145 na senti 10. Alizoa asilimia 64 ya kura. Uchaguzi uliotangulia, wa 1976, alitumia chini ya dola 200 akapata asilimia 72.

Pesa zenyewe zilitoka mfukoni mwake, na kazi yake ilikuwa kulipia makaratasi ya kugombea na kuwarudishia watu michango ambayo hakuiomba.

Aliwezaje? Alikuwa anawapa watu mkono. Si msimu wa uchaguzi tu, mwaka mzima. Asubuhi ungemkuta kwenye geti la kiwanda wafanyakazi wakiingia zamu. Siku ya mechi ya Green Bay Packers yuko nje ya uwanja, anasalimia mmoja mmoja, anajitambulisha kwa jina, anamgeukia anayefuata. Mazoea hayo aliyapata kwa kushindwa: aligombea ugavana mara tatu, 1952, 1954 na 1956, na zote akaangushwa. Seneta Joseph McCarthy wa Wisconsin alipofariki mwaka 1957 na kiti kikabaki wazi, karibu kila mji ulishaijua sura ya Proxmire.

Bungeni nako hakukosekana. Tangu 1966 hadi anastaafu alipiga kura zaidi ya 10,000 mfululizo bila kukosa hata moja. Mwaka 1975 akaanza kutangaza kila mwezi "tuzo" kwa idara ya serikali iliyofuja pesa za walipa kodi, na magazeti yakamtangaza bure. Hapo aliwahi kuvuka mpaka. Mtafiti mmoja aliyedhihakiwa alimshtaki, na mwaka 1979 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kinga ya bunge haimlindi kwa maneno aliyoyasambaza nje ya ukumbi.

Binafsi namheshimu sana kwa ile michango aliyoirudisha. Anayekuchangia leo kesho atakuja na shida yake, na Proxmire hakutaka kuwa na deni kwa mtu yeyote isipokuwa mpiga kura.

Mwaka 1988 hakugombea tena. Kiti kikachukuliwa na Herb Kohl, mfanyabiashara tajiri aliyemwaga mamilioni ya dola zake mwenyewe kwenye kampeni.