Bamba la alumini la boti: nguvu yake hutoka wapi, na moto huiondoaje

Boti nyingi za uvuvi hapa Tanga, kuanzia Sahare hadi Kigombe, ni za mbao au faiba. Za alumini bado ni chache, ila maswali yameanza kutufikia: mtu ameipata boti iliyotumika, ubavu umetoboka, na fundi wa kuchomelea mageti amemwambia kazi ni ndogo. Tunamsihi asikimbilie.

Alumini safi ni nyepesi, takribani theluthi moja ya uzito wa chuma, lakini ni laini mno. Atomi zake zimejipanga safu kwa safu, na bamba likilemewa safu hizo huteleza. Kuiimarisha ni kuuzuia mtelezo huo. Katika aloi (mchanganyiko wa metali) ya alumini iitwayo 5083, inayotumika sana kwenye boti na meli, kizuizi cha kwanza ni magnesi, asilimia 4 hadi 4.9. Atomi zake ni kubwa kuliko za alumini, hivyo huvuruga safu. Kizuizi cha pili huwekwa na rola za kiwandani: bamba hubanwa likiwa baridi mpaka likakamaa. Bamba la 5083 lililo laini huhimili mkazo wa angalau megapaskali 125 kabla ya kupinda bila kurudi. Lililokazwa, lenye alama H116, huhimili 215.

Aloi ya 6082 hupata nguvu kwa njia nyingine. Hupashwa moto mkali, hupozwa ghafla, kisha huachwa kwenye joto la wastani kwa saa kadhaa ili chembe ndogo sana za magnesi na silikoni zijiunde ndani yake. Ugumu wa namna hii aliugundua Mjerumani Alfred Wilm mwaka 1906, kwenye aloi yenye shaba. Aloi za shaba zilikwenda kwenye ndege; maji ya chumvi huzila haraka.

Sasa mwali wa kuchomelea. Pembeni mwa kiungo, 5083 hurudi kwenye ulaini wake, na 6082 hupoteza karibu nusu ya nguvu. Kurundika waya wa kuchomelea juu ya kiungo hakuirudishi nguvu hiyo. Ndiyo maana mhandisi makini hupiga hesabu kwa ile 125, si 215, na huweka viungo mbali na sehemu zinazobeba mzigo mkubwa. Kulipasha bamba kwa gesi ili likunjike kirahisi ni kosa kubwa zaidi, maana hulegeza eneo zima.

Hata joto dogo lina madhara likidumu. Kwenye nyuzi 65 za Selsiasi na zaidi kwa muda mrefu, magnesi ya 5083 hujikusanya kwenye mipaka ya chembe za metali, na chumvi huanza kula hapo. Meli za kivita za Marekani za daraja la Ticonderoga zilipata nyufa kwa sababu hiyo kwenye majengo yake ya juu, yaliyoundwa kwa aloi ya jamii hiyohiyo. Kwa hiyo ekzosti isigusane na bamba.

Kwa kiraka, usitumie bati la bodi ya lori wala alumini iliyoyeyushwa kwa ajili ya sufuria. Hujui ina nini ndani. Dai cheti cha kiwanda. Waya uwe 5183 au 5356, gesi iwe argoni, na utando wa oksidi unaoifunika alumini usuguliwe kwa brashi ya chuma cha pua ambayo haijagusa chuma cha kawaida: utando huo huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, wakati alumini yenyewe huyeyuka kwenye 660. Na rangi ya chini ya boti isiwe na shaba.