Je, wajua kwa nini muuaji wa Medgar Evers alitiwa hatiani baada ya zaidi ya miaka 30?

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1963, saa chache baada ya Rais Kennedy kulihutubia taifa la Marekani kwa televisheni kuhusu haki za raia weusi, Medgar Evers alishuka garini mbele ya nyumba yake mjini Jackson, Mississippi, akapigwa risasi ya mgongoni. Alikuwa na umri wa miaka 37, askari wa zamani wa Vita vya Pili vya Dunia na katibu wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Wamarekani weusi, katika jimbo hilo. Mapambano ya Kenya aliyafuatilia kwa karibu, hata kifungua mimba wake akampa jina la Kenyatta.

Ushahidi ulikuwapo tangu mwanzo. Bunduki ilikutwa kichakani jirani na hapo, na kwenye darubini yake palikuwa na alama ya kidole ya Byron De La Beckwith, mzungu mtetezi wa ubaguzi wa rangi. Kilichokwamisha haki ni juri, yaani jopo la raia 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, ambao sharti wawe na kauli moja. Wajumbe walichaguliwa kutoka orodha ya wapiga kura, ilhali watu weusi wengi wa Mississippi walizuiwa kujiandikisha, zuio lile lile ambalo Evers alikuwa akilipinga. Hivyo mwaka 1964 Beckwith alifikishwa mara mbili mbele ya wanaume weupe watupu, na mara zote mbili wakashindwa kuafikiana. Ross Barnett, aliyekuwa ametoka tu kwenye ugavana, alifika mahakamani kumpa mshtakiwa mkono.

Lakini juri kushindwa kuafikiana si sawa na kumwona mtu hana hatia. Lau Beckwith angeachiwa kwa kukosa hatia, Katiba ya Marekani isingeruhusu ashtakiwe tena kwa kosa lile lile; kwa kuwa hakuachiwa hivyo, na kwa kuwa kosa la mauaji halina ukomo wa muda, kesi ilibaki imelala tu. Mwaka 1989 gazeti la Clarion-Ledger lilifichua kwamba taasisi ya serikali ya jimbo, iliyoundwa kulinda ubaguzi, iliwachunguza kwa siri wajumbe watarajiwa wa juri ili kuusaidia upande wa utetezi. Myrlie, mjane wa Evers, ambaye miaka yote hiyo hakuchoka kudai haki, alikuwa ametunza nakala ya mwenendo wa kesi ya kwanza. Bunduki nayo ikapatikana, tena nyumbani kwa marehemu jaji aliyekuwa baba mkwe wa Bobby DeLaughter, mwendesha mashtaka wa kesi iliyofufuliwa. Wakajitokeza pia mashahidi waliomsikia Beckwith akijigamba kwa mauaji hayo.

Tarehe 5 Februari 1994, juri yenye weusi 8 na weupe 4 ilimtia hatiani. Beckwith, mwenye umri wa miaka 73, alihukumiwa kifungo cha maisha, akafa mwaka 2001 akiwa bado anakitumikia.