Upimaji wa ukinzani wa umeme: namna ya kutafuta maji kwenye miamba ya graniti

Graniti nzima haina maji ya kuteka. Ni jiwe gumu lisilo na vitundu vya kuyahifadhi, na ukichimba katikati yake unaweza kufika mita 100 ukatoka na vumbi tu. Maji hukaa sehemu mbili: kwenye tabaka la juu ambapo jiwe limeoza kwa miaka mingi likawa kama changarawe, na kwenye nyufa zilizo chini ya tabaka hilo. Kinachotafutwa, basi, ni mahali jiwe lilipooza kwa kina au kupasuka.

Hapo ndipo umeme unaposaidia. Ukinzani mahususi ni kiwango cha udongo au mwamba kuzuia umeme usipite, na hupimwa kwa ohm-mita. Graniti nzima huzuia sana: maelfu ya ohm-mita. Iliyooza na kulowa maji mara nyingi huwa kati ya makumi kadhaa na mia chache, kwa sababu maji yenye chumvichumvi za mwambani hupitisha umeme.

Wapimaji hupigilia vigingi vinne vya chuma kwenye mstari mmoja. Viwili vya nje hupeleka umeme ardhini, viwili vya ndani husoma volti. Udongo ukiwa mkavu sana, humwagia maji ya chumvi penye vigingi ili umeme uingie. Kisha vigingi vya nje husogezwa mbali zaidi na zaidi. Kadiri vinavyoachana, umeme huzama chini zaidi. Namba za ukinzani zinazopatikana zikichorwa, mchoro mzuri huanza juu (udongo mkavu), hushuka (tabaka lililolowa), halafu hupanda tena (jiwe zima).

Lakini kifaa hakioni maji, na hili nalisisitiza kwa sababu watu hutumia akiba yao yote kwa kulisahau. Udongo wa mfinyanzi nao hupitisha umeme vizuri, na graniti ikioza kupita kiasi hugeuka mfinyanzi. Unaushika, umelowa kabisa, lakini hauyaachii maji. Maji ya chumvi nayo hushusha namba. Kwa hiyo namba ndogo kuliko zote si lazima iwe ndiyo sehemu bora. Ukisoma ohm-mita 8 mahali pamoja na 90 pengine, hiyo 90 inaweza kuwa ndiyo yenye kisima, hasa tabaka lake likiwa nene.

Nyufa ni ngumu zaidi. Ufa mwembamba ulio mita 50 chini hauonekani kwa kipimo cha sehemu moja. Afadhali kupima mstari mrefu unaokatiza eneo, kisha kutafuta pale namba zinapozama ghafla kati ya namba kubwa za pande zote mbili. Mabomba ya chuma na nyaya za umeme zilizo karibu huvuruga vipimo, kwa hiyo mstari upitishwe mbali navyo.